Kukata njia ya minyoo katika bwawa la samaki: ninayowaambia wafugaji wa Kafubu

Samaki wa bwawa hazaliwi na minyoo. Minyoo inamfikia kwa njia inayojulikana, hatua baada ya hatua, na nyingi kati ya hatua hizo zinatuhusu sisi wenyewe: choo chetu, mbwa wetu, nguruwe wetu, majani tunayoyaacha yaote ukingoni. Mimi ni laborantini katika kituo kimoja cha afya upande wa Katuba, hapa Lubumbashi. Siku za kazi natazama vinyesi vya watu kwa hadubini. Mwisho wa juma niko kwenye mabwawa ya familia yetu kando ya mto Kafubu, penye tilapia na kambale. Naona mlango minyoo inakotokea na mlango inakoingilia, na ndiyo sababu naandika haya kwa ajili ya anayefuga, anayeuza na anayepika.

Njia yenyewe ni hii. Mtu, mbwa, paka, nguruwe au ndege mla samaki mwenye minyoo bapa ndani yake anajisaidia, na mayai yanatoka pamoja na kinyesi. Mvua inayasomba mpaka majini. Mayai yanaingia ndani ya konokono, na humo lava, yaani minyoo wachanga, wanaongezeka ajabu: kutokana na yai moja wanaweza kutoka mamia ya lava wenye mkia. Hao wanaogelea, wanatoboa ngozi ya samaki na kujifungia katika vifuko vidogo ndani ya nyama, chini ya magamba au kwenye matamvua. Wanangoja hapo. Anayemla samaki huyo mbichi, au aliyeungua nje huku ndani hajaiva, anapata minyoo, na choo chake kinaanzisha safari upya.

Nchi za Asia zimeumia sana kwa jambo hili. Clonorchis sinensis ni mnyoo wa ini wa China na Vietnam, na Opisthorchis viverrini ni wa Thailand na Laos. Kaskazini mashariki mwa Thailand watu hupenda samaki mbichi wa kukatwakatwa, na saratani ya mirija ya nyongo imeenea huko kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka Opisthorchis viverrini katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kumletea binadamu saratani. Afrika ina minyoo yake. Misri, katika delta ya Nile, watu wamepata Heterophyes heterophyes, mnyoo mdogo wa utumbo, kutoka kwa tilapia na samaki wengine wa maji yale. Na konokono anayebeba ndugu wengi wa mnyoo huyo, Melanoides tuberculata, ni mwenyeji wa maji yetu ya Afrika.

Katika tilapia na kambale, unayemwona kwa macho bila hadubini ni wa aina mbili zaidi. Clinostomum ni kifuko cha manjano, kikubwa kama punje ya mchele au zaidi, chini ya kifuniko cha shavu au ndani ya nyama. Contracaecum ni mnyoo mviringo aliyejikunja tumboni, na kwa tilapia hupenda kukaa karibu na moyo. Hawa wawili ni minyoo ya ndege, na mara chache sana wanamdhuru binadamu, lakini mteja wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akikuta kifuko cha manjano katika samaki uliyemuuzia hatarudi, na ana haki.

Mtu ananiuliza: sisi tunakula bukari (ugali) na samaki aliyeiva mpaka mifupa inalegea, hofu ya nini? Wengi wetu ndiyo. Lakini samaki wa kuchoma wa usiku kando ya barabara mara nyingi ameiva juu tu, na hoteli za mjini zinauza samaki mbichi kwa vijana wanaotaka kuonja. Zaidi ya hayo, kazi zilezile zinazomzuia mnyoo wa samaki zinazuia pia bilharzia (kichocho), ambayo naiona maabara mara kwa mara. Konokono wanakaa bwawa moja, kinyesi ni kilekile.

Anza na choo, hasa choo cha mlinzi

Kila mwenye bwawa anaogopa wezi, kwa hiyo anaweka sentineli alale pale. Anamjengea kibanda, anampa tochi, pengine anampa mbwa. Choo hamjengei. Sasa jiulize mtu huyo anakwenda wapi usiku. Anakwenda kwenye majani, hatua chache kutoka ukingoni, na mvua ya kwanza ya Novemba inamalizia kazi. Hilo nimelikuta kwenye mabwawa mengi kuliko kasoro nyingine yoyote. Chimba choo kabla ya kujaza bwawa. Kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji, upande wa chini ya bwawa na wala si juu yake, chenye kifuniko, na ndoo ya maji na sabuni pembeni. Siku ya kuvua, watu wanapokuja wengi na watoto wao, waonyeshe choo kiko wapi kabla hujawaonyesha samaki.

Kinachofuata ni mbolea. Wapo waliofundishwa kujenga banda la nguruwe juu ya bwawa ili mavi yaanguke majini na kukuza chakula cha samaki. Najua faida yake, maji yanakuwa kijani haraka. Lakini nguruwe anaweza kubeba minyoo bapa ya samaki kama binadamu, na anapolishwa matumbo ya samaki pale pale, njia inakuwa fupi kabisa. Sogeza banda. Kusanya mavi kwenye lundo pamoja na majani makavu, uligeuze mara kadhaa, na ulipe miezi miwili au zaidi kabla ya kulitumia. Lundo zuri linakuwa na joto katikati mpaka mkono haukai. Joto hilo ndilo linaloua mayai. Kinyesi cha binadamu usikiweke bwawani kwa namna yoyote, hata kama mtu anakuambia babu zake walifanya hivyo na samaki walinona.

Mbwa na paka ni tatizo la siku ya kuvua. Samaki wanapasuliwa ukingoni, matumbo yanatupwa, mbwa anakula. Kuna mwenye mabwawa, jirani yetu, mzee ninayemheshimu sana, aliyeniambia: «Mama, mbwa naye ana sehemu yake katika mavuno.» Nikamjibu kwamba sehemu hiyo apewe, ila ipikwe. Sufuria moja kuukuu ichemke juu ya babula, jiko la makaa, matumbo yaive, mbwa ale. Yanayobaki yafukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mganga wa mifugo anaweza pia kuwapa mbwa na paka wa pale praziquantel, dawa ya minyoo bapa, kwa kipimo cha uzito wao. Ukiweza, zungushia ua mabwawa ya vifaranga.

Kiangazi ni silaha yetu

Tuna kitu kinachotusaidia: miezi mirefu bila mvua. Huku kwetu Katanga kiangazi kinaanza Mei na kuendelea mpaka Septemba au Oktoba. Juni na Julai baridi inashika, tilapia anakula kidogo na kukua polepole. Basi mimi hupanga kuvua bwawa moja baada ya jingine mwishoni mwa baridi, na kulikausha Agosti na Septemba, jua linapokuwa kali na hewa kavu. Usikaushe yote kwa pamoja kama chemchemi yako ni dhaifu.

Toa maji yote, pamoja na vidimbwi vinavyobaki mbele ya mlango wa kutolea maji. Konokono hukimbilia humo. Acha sakafu ikauke mpaka ipasuke na uweze kutembea juu yake bila mguu kuzama. Halafu kwangua tope jeusi la juu, kina cha kiganja cha mkono, na kulipeleka kwenye shamba la mahindi mbali na kingo. Usiliache juu ya tuta, maana mvua italirudisha. Kukwangua huku ni kazi nzito na watu wanaikwepa, lakini Melanoides ana kifuniko kigumu mlangoni mwa gamba lake: akifunga na kujizika katika tope lenye unyevu, anavumilia ukavu kwa muda mrefu. Jua peke yake halimtoshi.

Baada ya hapo, chokaa ambayo haijazimwa. Kilo 10 hadi 15 kwa kila ari moja, yaani mita 100 za mraba. Katanga ina mawe ya chokaa, ya Kakontwe karibu na Likasi yanajulikana, kwa hiyo bidhaa hii haitoki mbali. Uitandaze sawasawa, uongeze kwenye sehemu zenye unyevu, kwenye pembe na kwenye mashimo. Tafadhali sana: chokaa hii inachoma. Vaa glovu, bote, nguo ya mikono mirefu, kitambaa puani na miwani. Simama upepo ukiwa mgongoni. Watoto wasiwe karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi mara moja, kwa dakika nyingi, kisha nenda kwa daktari. Ukimaliza, ngoja wiki mbili kabla ya kuweka samaki, kwa sababu maji yenye chokaa mpya yanawaua.

Konokono, uwafahamu kwa sura

Chukua chujio la jikoni, lifunge kwenye fimbo, upitishe chini ya majani ya ukingoni. Mwaga unachopata kwenye sahani nyeupe. Gamba refu jembamba lenye ncha, la kahawia, na kifuniko mlangoni: Melanoides, mbebaji wa minyoo midogo ya utumbo. Gamba jembamba linalopitisha mwanga, lenye mdomo mkubwa unaofunguka upande wa kulia unapolishika ncha ikiwa juu: Radix natalensis, anayehusishwa na Clinostomum. Likifunguka kushoto: Bulinus. La bapa, lililojizungusha kama kamba iliyokunjwa sakafuni: Biomphalaria. Hawa wawili wa mwisho ndio wa bilharzia, kwa hiyo usiwashughulikie ukiwa miguu mitupu ndani ya maji.

Konokono anahitaji majani na maji ya kina kifupi. Mnyime vyote viwili. Kingo zichongwe wima kidogo, maji ya ukingoni yafike sentimita 60, na majani yakatwe kwa upana wa mita moja kuzunguka bwawa, mara kwa mara, si wakati wa kutembelewa na wageni tu. Kizimba cha mboji kilicho ndani ya bwawa, ambacho wengi tunakitumia, ni nyumba yao kubwa; kikague, na mwisho wa msimu kiondoe chote. Unaweza kuwatega kwa majani ya mpapai yaliyofungwa kwenye mti: yaache usiku mzima, yatoe asubuhi pamoja na konokono walioshikamana nayo, uwaponde na kuwafukia.

Samaki nao wanasaidia. Coptodon rendalli anakula majani, na hivyo anasafisha kingo. Sargochromis mellandi, samaki wa maji ya mto Luapula na ziwa Mweru, ana meno ya kooni yanayoponda magamba ya konokono, na ni mwenyeji wetu; kama unaweza kumpata akiwa hai, mweke wachache. Bata pia wanakula konokono, lakini ni ndege, na baadhi ya minyoo hii inaishi vizuri ndani ya ndege. Mimi siwaweki kwenye mabwawa ya vifaranga. Dawa za kuua konokono usizitie kwenye bwawa lenye samaki, kwa sababu zinaua samaki pia.

Maji yanayoingia

Chandarua cha matundu madogo mlangoni mwa maji kinazuia konokono wakubwa na samaki wa mwituni. Hakizuii lava, wala mayai ya konokono yaliyoganda kwenye jani lililooza. Lakini lava mwenye mkia ana udhaifu mmoja mkubwa: halishwi na kitu, anaishi kwa akiba aliyotoka nayo, na asipompata samaki anakufa ndani ya siku moja au mbili, mara chache zaidi. Ukiweza kuchimba bwawa dogo la kungojea, lisilo na samaki, konokono wala majani, na maji yakatulia humo siku 3 kabla ya kuingia kwa vifaranga, umeondoa hatari kubwa kwa gharama ya jembe tu. Kama huwezi kwa mabwawa yote, fanya kwa lile la vifaranga.

Nasisitiza vifaranga kwa sababu iliyothibitishwa Vietnam: samaki wachanga walitoka kwenye mayai wakiwa karibu safi, na maambukizi yakapanda walipokuwa kwenye mabwawa ya kulelea, kabla hata hawajauzwa kwa wafugaji. Mfugaji alinunua minyoo pamoja na vifaranga. Basi kabla ya kununua, nenda ukaone bwawa walikolelewa. Tazama kingo, uliza choo kiko wapi, angalia kama nguruwe wako juu ya maji. Chukua vifaranga wachache, inua kifuniko cha shavu, tafuta manjano. Muuzaji anayekasirika kwa maswali hayo, mwache na samaki wake.

Ndege sitawazungumzia sana. Korongo na mnandi wanaleta mayai ya Clinostomum na Contracaecum, na nyuzi zilizovutwa juu ya mabwawa madogo zinawazuia vya kutosha. Msiwaue.

Kumkagua samaki

Pasua samaki mapema baada ya kufa, usimwache mzima mpaka jioni, kwa sababu minyoo mviringo ya tumboni inaweza kuhamia kwenye nyama. Tazama ndani ya mashavu, karibu na moyo, kando ya figo, na chini ya ngozi penye mapezi. Vifuko vichache vya manjano vinaondolewa kwa kisu, na nyama inaiva kama kawaida. Samaki aliyejaa, usimuuze.

Ila jicho lina mpaka wake. Vifuko vya Heterophyes na jamaa zake ni vidogo kuliko chembe ya chumvi. Maabara nachukua kipande cha nyama ya karibu na pezi, kidogo kama punje ya mtama, nakibana kati ya vioo viwili na kukitazama kwa hadubini. Hapo ndipo vinaonekana, duara ndani ya duara, na lava akijigeuza ndani. Kwa hiyo samaki wa kupendeza, mwenye macho angavu na matamvua mekundu, anakuambia kwamba ni mbichi wa leo. Habari za vifuko hakuambii.

Jikoni

Hapa ndipo njia inakatwa kabisa, hata kama bwawa lilikuwa bovu. Nyama ya ndani kabisa, ile inayogusa uti wa mgongo, ifike angalau nyuzi 63 za Selsiasi. Mimi napenda kuwaambia watu 70, wasibahatishe. Nani ana kipimajoto jikoni? Basi tumia uma. Nyama iwe imebadilika kuwa nyeupe yote, iachane na mfupa bila kuvutwa, na pasiwe na damu wala sehemu inayong'aa kama kioo karibu na uti. Samaki mkubwa wa kuchoma, mchanje pande zote mbili, mara tatu au nne, kisu kifike mfupani, na usimweke juu ya makaa yanayowaka moto. Ngoja yawe mekundu yenye majivu. Tilapia mnene asiyechanjwa, juu ya moto mkali, anakuwa mweusi nje na mbichi ndani.

Ndimu, siki, pilipili, chumvi ya usiku mmoja na pombe haviui vifuko. Ndimu inaifanya nyama iwe nyeupe kama iliyoiva, na ndiyo maana inadanganya. Samaki wa kukaushwa kwa moshi mwepesi au kwa jua apikwe tena kabla ya kuliwa. Kugandisha kunaua, kwa masharti: nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 mfululizo. Kwa umeme wetu unaokatika, friza ya nyumbani haiwezi kuahidi hivyo. Usiitegemee.

Kwa mama anayepika: usionje chumvi ya samaki akiwa mbichi, hata kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ubao na kisu vya samaki vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kukata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Najua kazi ni nyingi na watoto wanalia njaa, kwa hiyo anza na kachumbari, uiweke pembeni, ndipo ulete samaki.

Ukishaugua

Dalili hazina sura moja: tumbo kuuma, kuharisha kunakorudirudi, kuchoka; minyoo michache huweza isionyeshe chochote. Ukija kituoni, tuambie waziwazi kwamba ulikula samaki mbichi au aliyeiva nusu, na lini. Neno hilo linabadilisha namna tunavyotazama. Yai la bilharzia ya tumbo ni kubwa, lina mwiba pembeni, laborantini halikosi kirahisi. Yai la minyoo midogo ya samaki lina urefu wa takriban sehemu 3 za mia za milimita, na asiyelitafuta analipita. Leta choo kibichi cha asubuhi hiyo, katika chombo kikavu chenye kifuniko, kisichochanganyika na mkojo, na ukilete kabla ya kumeza dawa yoyote ya minyoo. Mebendazole inayouzwa kila duka la dawa ni ya minyoo mingine. Hii bapa inatibiwa kwa praziquantel, kwa uzito wa mgonjwa, na kipimo anaandika daktari au muuguzi. Kama choo cha kwanza hakionyeshi kitu na tumbo bado linauma, leta kingine baada ya siku chache, kwa sababu mayai hayatoki kwa wingi uleule kila siku.